Siku moja gereji: Volkswagen ya 1973 na kiboksi cha tatu

Watu wengi wanadhani fundi umeme wa magari ni mtu wa kugusanisha waya mbili, zikatoa cheche, akataja bei. Hii ni Jumanne moja kwenye mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kuanzia kufungua hadi kufunga.

Saa 1:00 asubuhi. Kutoa betri za watu kwenye chaja, honi ya Bajaji, altaneta ya IST iliyogoma kuchaji. Saa 2:30 zote zimeshaondoka.

Saa 2:40. Inaingia Volkswagen Beetle ya 1973, injini ya cc 1600, inavutwa kwa kamba. Mwenyewe anashuka na mfuko wa plastiki. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Fundi, usihangaike. Kiboksi hiki hapa, kipya. Toa cha zamani, funga hiki, niondoke."

Kiboksi cha tatu ndani ya mwaka mmoja.

Kwa asiyejua: gari hizi zilitoka kiwandani na platini, vidomo viwili ndani ya distibuta (kigawa moto wa plagi) vinavyofunga na kufungua umeme wa koili, ile inayokuza umeme wa betri uwe cheche. Siku hizi wengi wanatoa platini na kondensa, wanafunga kiboksi cha elektroniki kinachosoma sumaku inayozunguka chini ya rota. Hakuna kinachosuguana, hakuna kurekebisha uwazi wa milimita 0.4 kila mara. Ni kitu kizuri. Ila platini ikichoka inaaga kwanza: gari linamisi, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba, na bado unafika nyumbani. Kiboksi hakiagi.

Dalili za mzee ni zile zile za siku zote. Asubuhi nyingi gari linawaka kwa selfu moja, linatembea nusu saa hivi, likiingia foleni linazima ghafla kama mtu kazungusha ufunguo. Likipoa dakika 20 linawaka tena kama halikuwa na neno. Sasa hivi limeshapoa, moto kwenye plagi ni wa bluu, mzuri kabisa. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mteja anapodhani fundi amekaa tu: ugonjwa ambao haupo huwezi kuupima. Lazima kwanza uuite.

Saa 3:15. Kepu, rota na waya za plagi viko sawa. Waya ni zile zenye ukinzani, si za shaba tupu, maana shaba tupu hutoa kelele ya umeme inayochanganya kiboksi. Waya mwekundu uko kwenye chanya ya koili (namba 15), mweusi kwenye hasi (namba 1). Ukizigeuza, kiboksi kinakufa papo hapo. Uwazi kati ya kiboksi na sumaku nimeupitisha kile kikadi cha plastiki kinachokuja kwenye pakiti, kikapita kwa kugusa kidogo tu. Wengi wanakitupa na pakiti.

Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu kwenye spika, mpwa wake yuko upande wa pili. Mpwa anasema ni pampu ya mafuta, petroli inachemka kwenye bomba. Baada ya dakika tano anasema ni kabureta. Mzee anarudia, "Badilisha tu kiboksi, fundi."

Saa 4:00 nimevuka kwa dada wa saluni kuazima draya. Injini iko silensa, upepo wa moto unaelekezwa kwenye distibuta. Dakika ya kwanza, ya tatu, ya tano, kimya. Mpwa anacheka kwenye simu. Dakika ya saba injini ikakata.

Mzee akasimama. "Umeona? Nilisema!"

Taa ya kupimia ikaenda kati ya chanya ya betri na namba 1 ya koili, msaidizi akapiga selfu. Kiboksi kizima huifanya taa iwake na kuzima, iwake na kuzima. Hapa haikupepesa hata mara moja. Kitambaa kibichi juu ya distibuta, subira ya robo saa, taa ikaanza kupepesa na gari likawaka. Kwa hiyo kilichokata ni kiboksi kweli, mzee yuko sahihi. Lakini kilichokufa na kinachoua si kitu kimoja, na nikifunga hiki kipya bila kumtafuta muuaji, mzee atarudi kabla ya mvua za vuli na mfuko mwingine.

Hapo kuanzia saa 5 mpaka jua la utosi sikuangalia tena saa.

Koili kwanza. Nikachomoa waya zake, mita kwenye ohmu, kati ya 15 na 1: ohmu 1.5. Nikafuta vumbi pembeni, pameandikwa kwamba itumike na rezista ya nje, kipande cha kupunguza umeme. Ni koili ya gari la Kijapani la zamani, na rezista yake haipo. Kiboksi hiki cha silinda nne kinataka koili ya ohmu 3. Hesabu ni ya shule ya msingi: altaneta ikitoa volti 13.8, koili ya ohmu 3 inakula ampea 4.6, ya ohmu 1.5 inaweza kufika 9.2. Kiboksi kinapika ndani kwa ndani, na distibuta yenyewe imekaa ubavuni mwa injini inayopozwa kwa hewa. Draya imemalizia tu.

Halafu njia ya umeme. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, injini iko nyuma, ukinyoosha mkono unavigusa vyote. Lakini umeme wa koili unatoka nyuma, unakwenda mbele kwenye swichi ya ufunguo, kisha unarudi nyuma kwa waya mweusi mmoja ambao pia unalisha choki na soleno ya kabureta. Safari yote hiyo kwa waya na viungio vya miaka zaidi ya 50.

Kuupima bila mzigo ni kujidanganya: ukiwasha ufunguo tu na kiboksi kimesimama pasipopitisha umeme, mita itakuonyesha volti 12 na utaridhika. Toa waya wa kiboksi, unganisha namba 1 ya koili na bodi kwa sekunde chache, ndipo usome. Betri 12.4, namba 15 ya koili 10.1. Volti 2.3 zimepotea njiani. Sitaki zaidi ya 0.5. Wakati wa kupiga selfu ikashuka 7.9, ndiyo maana siku nyingine linagoma kuwaka hata likiwa baridi. Upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, mkanda wa giaboksi kwenda kwenye bodi ulikuwa na kutu: volti 0.6 zinapotea. Msasa na boliti mpya, 0.1.

Wakati naingia chini ya kiti mzee akataja kitu mwenyewe. Huwa anasikiliza taarifa ya habari redioni huku ufunguo umewashwa na injini imezimwa. Sumaku ikisimama vibaya, koili na kiboksi vinapitisha umeme muda wote wa taarifa, na michezo pia. Nikamwambia. Akanyamaza, na mpwa naye.

Dawa: koili ya ohmu 3, na rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Namba 30 ya rilei kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 15, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. 87 kwenda kwenye koili na waya mwekundu wa kiboksi. 85 kwenye athi. 86 kwenye ule waya mweusi wa zamani. Choki na soleno vimebaki pale pale. Waya mweusi sasa unaamuru tu, haubebi mzigo wa koili. Kiboksi kipya cha mzee kikaingia, kwa sababu cha zamani kimeshachemshwa sana.

Namba 15 wakati wa selfu: 10.2. Taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa taa: nyuzi 7.5 injini ikiwa silensa, 30 kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika, maana distibuta hii haina vakyumu ya kusogeza cheche. Draya tena: dakika 15, haikutikisika. Kisha Barabara ya Nyerere kwenye foleni ya jioni, jasho, madirisha wazi, dakika 50 kwenda na kurudi.

Bei ikawa vita nyingine. "Rilei ya elfu sita, unanidai elfu themanini?" Tukamalizia sabini.

Giza limeingia nikiirudisha draya saluni. Dada akainusa, akaniangalia. "Fundi, hii inanuka petroli. Kesho nitawaambia nini wateja wangu?"