Usukani wa pikipiki ya theluji ya binti yangu

Nilimnunulia binti yangu pikipiki kuukuu ya theluji, ile ndogo ya watoto, kwa dola 300. Juu yake nikapewa kofia ngumu iliyokuwa inanuka panya. Tunaishi Minnesota, karibu na St. Cloud, na huku mashine hizi ni kitu cha kawaida kama baiskeli Tabora. Polaris ilianzia Roseau, Arctic Cat ikaanzia Thief River Falls, miji miwili ya kaskazini mwa jimbo hili hili. Ya kwetu ni Kitty Cat, aina ambayo Arctic Cat walianza kuiuza mwaka 1972 wakaiacha 1999. Injini yake ni cc 60 tu.

Basi usukani ulikuwa umechoka. Ukiukata kulia, skii, yale mabamba mawili ya mbele yanayoteleza juu ya theluji, zinakaa kwanza kama zimeitwa na mtu zisiyempenda, halafu ndipo zinageuka. Binti yangu alikuwa analenga mlango wa gereji, anaishia kwenye sanduku la barua la jirani.

Mimi nikakimbilia tairodi, vile vyuma vinavyopeleka mzunguko wa usukani hadi kwenye skii. Kwetu gari likicheza mbele, neno la kwanza kila mtu analosema ni tairodi. Nikanunua ncha nne mpya za tairodi, nikazifunga Jumamosi nzima ndani ya gereji isiyo na joto, nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwenye nayo wa zamani alikuwa ameweka bolti za inchi alizookota dukani, na mimi spana zangu zote ni za milimita. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inaingia kwa uongo. Nilivuta mara mbili, pembe za nati zikaviringika, ikabidi niikate kwa msumeno wa chuma. Nilipomaliza nikatikisa usukani. Unacheza vile vile.

Saa tatu usiku nikampigia mjomba simu ya video. Ni fundi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiyo nini, mbona haina tairi?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza, na nikajua sasa anafanya kazi. "Umebadilisha nini?" Nikamwambia. "Nani alikwambia ndiyo mbovu?" Sikuwa na jibu. "Haya, mwite mtoto ashike usukani autikise polepole, asiukate. Wewe weka kidole kwenye kila kiungo, ushuke kutoka juu. Kile ambacho upande mmoja unatembea na mwingine umesimama, hicho ndicho."

Tulifanya hivyo, binti yangu na pajama zake na koti juu. Kidole kilinaswa sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa chini ya nguzo ya usukani, pale bolti inaposhika tairodi: tundu lilikuwa limelika hadi limekuwa na umbo la yai. Ya pili ni bushi, vile vipete vya plastiki vinavyoshika ule mguu wa chuma unaobeba skii. Za kushoto zilikuwa zimebaki nyembamba kama ganda la kitunguu, na mguu ukitikiswa unasikika kabisa, kok kok. Ncha zangu nne mpya zilikuwa zimefungwa katikati ya vitu viwili vibovu.

Tundu nililitoboa upya kwa biti ya 3/8 nikapachika bushi ya shaba yenye tundu la robo inchi. Chuma kilichobaki pembeni kilitosha, ila kama kingekuwa chembamba ningempelekea mchomeleaji. Miguu ya skii niliileta jikoni, kwa sababu kutu iliyoganda haisikii mafuta. Mke wangu alikuta mmoja umelala kwenye sinki, akaniangalia bila kusema, akatoa vyombo vyake. Niliisugua kwa msasa laini, nikaweka bushi mpya na grisi ya baridi, maana grisi ya kawaida kwenye baridi hii inakuwa kama sabuni ya mche.

Nati zenye plastiki ndani sikuzirudisha. Zikishafunguliwa hazishiki tena vizuri, na zinauzwa senti.

Kunyoosha skii ndiko kulikonipa raha. Unanyoosha usukani, unafunga ncha za mbele za skii kwa mpira ili ule ulegevu mdogo uliobaki uvutwe wote upande mmoja, halafu unapima kati ya vile vyuma vya chini ya skii, mbele na nyuma. Mbele paachane zaidi kidogo, milimita tatu hadi sita. Zikielekeana, mashine inayumba njia nzima. Mimi niliacha milimita nne.

Jumapili binti yangu aliondoka uani, akauzunguka msonobari, akarudi. Nyuma yake mistari miwili imenyooka kwenye theluji. Nikampiga picha akiwa amesimama juu ya mashine, nikamtumia mjomba, nikangoja sifa.

Akajibu baada ya dakika moja. Alikuwa ameikuza picha na kuzungushia duara jekundu kwenye mguu wa kulia: "Hapa kotapini iko wapi?"

Nikachukua tochi nikarudi gereji. Kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, ilikuwa juu ya meza, kando ya kikombe changu cha chai.