Kitulo ya ghafla, wikiendi ya Mapinduzi

Sikukuu ya Mapinduzi iliangukia Ijumaa, na wenzangu wengi kazini walikuwa wanashuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi mpango wangu ulikuwa kulala. Alhamisi jioni shemeji akapiga simu: "Shemeji, kesho twende Kitulo, maua ndiyo haya sasa." Gari hatuna, pa kulala hatujui. Nilikubali kwa sababu Januari ndiyo yenyewe. Maua ya kule, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, huja na mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Ukisubiri likizo ya Julai utakuta nyasi kavu na umande ulioganda.

Usiku ule nilihangaikia mambo mawili tu. La kwanza ni malipo. Langoni hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo nilijaza hela kwenye simu nikiwa bado mjini, maana kumpata wakala mwenye floti huko juu ni bahati. La pili ni nguo. Sisi wa Mbeya tunajiona tunaijua baridi, lakini uwanda ule uko kwenye mita 2,600 hivi, juu kabisa ya jiji letu. Nikatia koti la mvua, soksi za akiba na gambuti.

Asubuhi tukapanda Coaster pale Nanenane hadi Chimala. Hapo ndipo unapoiacha lami ya barabara ya Zambia na kuanza kupanda kwenda Matamba kwa mlima unaoitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Shemeji alijaribu kuzihakiki, ila kila tukipishana na lori la viazi alifumba macho na hesabu ikapotea. Mimi nilikaa dirishani nikilitazama bonde la Usangu likizidi kutanuka kule chini. Mwenye kizunguzungu akae katikati.

Matamba tulipata gesti ya kawaida. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa "Kamwene", akakagua masweta yetu, akasema, "Wanangu, hizo ni za kuendea kanisani," kisha akatuletea jiko la mkaa na blanketi la ziada bila kuombwa.

Jumamosi tukachukua bodaboda hadi langoni, tukaendelea kwa miguu na mwongozaji. Sasa, ukiingia Kitulo kwa macho ya Ruaha utatoka unanung'unika. Tembo hakuna, simba hakuna. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 2005, ina sifa ya mimea: aina zipatazo 350, zikiwamo okidi 45, na wenyeji tangu zamani wanapaita Bustani ya Mungu. Ukipita kwa gari utaona rangi tu, njano hapa, zambarau kule. Okidi nyingi ni fupi, kwa hiyo inabidi uchuchumae. Kuna moja nyeupe tuliizunguka mpaka mwongozaji akakaa chini kutusubiri. Yeye ndiye aliyetueleza habari za chikanda: watu walikuwa wakichimba viazi vya okidi hizi na kuvipeleka Zambia, ambako husagwa na kupikwa na karanga, na uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu za eneo kulindwa. Mbali kidogo ndege mkubwa aitwaye tandawala alikuwa akitembea kwa maringo kama mwenyekiti wa kijiji.

Mchana mvua ikatunyeshea sawasawa. Kwenye uwanda usio na mti hakuna pa kujikinga, ni kutembea tu, na gambuti zikalipa gharama yake.

Kipunji hatukumwona. Kima huyo, aliyegunduliwa na watafiti mwaka 2003, yuko kwenye msitu wa Livingstone, na huko si safari ya wikiendi kwa watu wasio na gari. Jumapili tukateremka tena Chimala, shemeji safari hii akaomba siti ya katikati. Nauli, gesti na kiingilio tuligawana nusu kwa nusu. Bodaboda nililipa mimi, na bado namdai.