Samaki wa Daraja la Fangsheng

Jumamosi tuliwapeleka watoto Zhujiajiao, mji wa kale wa mifereji ulioko magharibi mwa Shanghai. Kwetu sisi tunaoishi huku si safari ya kutisha: unapanda metro, laini ya 17, pale Hongqiao, na unashuka kituo chenye jina la mji huohuo. Nilibeba chapati na mayai ya kuchemsha. Nilijua ninakoelekea.

Maana mtaa mkuu, Bei Dajie, ni kitimoto mwanzo mwisho. Vipande vimefungwa kwa majani, vimekolea rangi ya sosi ya soya, vinanukia vizuri kupita kiasi. Kwa familia kama yetu kazi ni kupita haraka huku umewashika mikono. Umati nao! Ukikata kona mbili tu kuingia vichochoroni, unabaki na wenyeji wanaoanika nguo, na hapo ndipo mji unapoanza kupendeza.

Nyumba nyeupe za vigae vyeusi zimekaa ukingoni kabisa mwa maji, na nyingi zina ngazi za mawe zinazoteremka mpaka mferejini. Enzi za Ming na Qing mji huu ulitajirika kwa biashara ya vitambaa vya pamba na mchele, na mzigo ulisafiri kwa mashua. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza watoto hayo yote. Mdogo akanitangulia, akiwa ameketi kwenye ngazi moja: "Mama, kumbe huku kwenye maji ndiko mbele ya nyumba." Nikafunga somo langu.

Picha, kama kawaida. Aliyewahi kutembea China na watoto weusi anajua. Mkubwa wangu ana miaka tisa na ana kanuni yake: wazee wakiomba kupiga naye picha anakubali, vijana wanaomnyemelea na simu anawaambia "bu yao", yaani sitaki, na kugeuka. Simwingilii. Anayeshika nywele bila kuomba, huyo ni wangu mimi.

Kilichotukalisha muda mrefu ni Daraja la Fangsheng. Lina matao matano ya mawe na urefu wa mita 70 hivi juu ya mto Caogang. Lilijengwa mwaka 1571 kwa michango iliyokusanywa na mtawa wa Kibudha aitwaye Xingchao, likajengwa upya mwaka 1812. Mtawa aliweka sharti kwamba chini ya daraja hapatupwi nyavu. Hapo ni mahali pa kuachilia samaki hai ili kupata thawabu. Desturi ipo mpaka leo, na penye desturi hapakosi mchuuzi: akina mama wanauza samaki wadogo ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji.

"Mama, bibi huyu kawatoa wapi?" mkubwa akauliza.

Nikamwambia sijui, labda sokoni, labda mtoni.

"Basi tukinunua, kesho atatafuta wengine."

"Na hawa wa leo je?" mdogo akadakia, machozi yako karibu.

Wakabishana palepale kwenye ngazi, watu wakitupita. Nimewasikia watu wazima wakibishana hivyohivyo kuhusu kumpa ombaomba hela, bila kufika mbali kuliko wao. Baba yao, asiyependa mijadala ya juani, akatoa simu akalipa. Mdogo akafungua mfuko. Mkubwa akakataa kuugusa. Samaki walizama wakapotea, isipokuwa mmoja aliyeelea ubavu. Mkubwa alimtazama mpaka wimbi la mashua lilipomsukuma chini ya tao. Hakusema "nilikwambia", na kwa mtoto wangu mimi hilo ni tukio.

Mimi niko upande wa mkubwa. Wataalamu wa mito nao hulalamika kwamba samaki wageni wanaoachiliwa ovyo huwasumbua wa asili. Lakini nisingeweza kumwambia hivyo mdogo mfuko ukiwa mkononi mwake.

Sasa baba yao anasema safari ijayo iwe Wuzhen, mji mwingine wa mifereji. Mimi nataka Nanxun, mji wa wafanyabiashara wa hariri, ambao ni sehemu ya Mfereji Mkuu ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Nadhani nitashinda. Ila tutakwenda katikati ya wiki shule zikifungwa, Jumamosi sirudii.