Asubuhi ziwani na mbwa wangu
Leo nimewapeleka mbwa wangu wawili kule kwenye hifadhi ya jijini, ile yenye maziwa, alfajiri kabisa, na jamani ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Yule mdogo kamuona korongo kasimama mguu mmoja kwenye matete, akaganda, sikio moja juu, hata kubweka kasahau. Kamba sikuiachia kabisa maana kuna bata bado wanaatamia, mbwa akiwakurupusha wanakimbia mayai yanapoa, inaniuma sana nikiona watu wanawaachia tu. Halafu wenye mbwa wenzangu, maji yakiwa na utando wa kijani msiwaache wanywe wala kuogelea, kuna mwani wenye sumu unaweza kuua mbwa ndani ya masaa machache. Saa hizi wamelala fofofo, miguu imejaa tope.