Jinsi nilivyopata feni ya kulalia mchana

Mimi ni muuguzi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Nalala wakati Dar es Salaam nzima iko macho na jua liko utosini. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, joto la mchana mjini hapa hufika nyuzi 31, 32 na kupita, na unyevu uliomo hewani unafanya jasho likae mwilini bila kukauka. Nyumba yetu imeezekwa kwa bati. Dari ya jipsamu ipo, lakini saa nane mchana chumba bado kinawaka kuliko kivulini nje. Nilitaka feni yenye upepo wa kunitosha kulala katika joto hilo, na yenye ukimya wa kunitosha kulala nikiwa nimetoka wodini na kichwa kimechoka. Muuguzi asiyelala anaweza kukosea dozi ya mgonjwa. Kwangu hili halikuwa suala la starehe.

Kiyoyozi tulikizungumzia na mume wangu. Kile kidogo cha BTU 9,000 hula karibu wati 800 hadi 900 kompresa inapofanya kazi, na sisi tumepanga, kwa hiyo kutoboa ukuta ni mazungumzo mengine na mwenye nyumba. Feni ya darini ya kawaida, pangaboi ya inchi 56, hula wati 70 hadi 80. Ukiiwasha saa kumi mfululizo umetumia robo tatu ya uniti. Kwa sisi ambao matumizi yetu yanavuka uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ya LUKU pamoja na kodi na tozo inatoka kama shilingi 356, kwa hiyo usingizi mzima unagharimu chini ya shilingi 300. Tukaafikiana na feni.

Kabla ya kwenda dukani ilinibidi nielewe feni inafanya nini hasa. Feni haipozi hewa. Weka kipimajoto kwenye chumba kilichofungwa, washa feni, na nyuzi hazitashuka. Mota yenyewe inaongeza joto kidogo. Inachofanya ni kuondoa ile hewa ya vuguvugu yenye unyevu iliyoganda juu ya ngozi na kuleta nyingine, ili jasho likauke na kuondoka na joto la mwili. Ndiyo sababu kuiacha ikizunguka chumba kitupu ni kuchoma uniti bure, na ndiyo sababu upepo unaopita pembeni ya kitanda hausaidii hata uwe mkali vipi. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40, kwa kuwa hewa ya moto kupita hapo inaupasha mwili badala ya kuupoza. Dar hatufiki huko. Shida yetu ni unyevu, na kwa unyevu huo upepo mwingi ndio dawa.

Hapo ndipo nilipokataa zile feni za maji zinazopangwa mbele ya maduka Kariakoo, zenye tangi la kujaza maji na barafu. Mwenzangu wa kazi aliyehamia Dodoma anaisifu sana yake, na ana haki ya kuisifu, maana Dodoma hewa ni kavu na maji yakigeuka mvuke yanachukua joto pamoja nayo. Pwani hewa imeshashiba maji. Ukiongeza mvuke ndani ya chumba, unalizuia jasho lako mwenyewe lisikauke. Muuzaji alinishikilia kweli kweli, “Dada, hii ni sawasawa na AC,” nikamshukuru nikapita.

Duka lililofuata kijana aliniwashia feni ya kusimama ya inchi 16, akaipandisha namba tatu, ikapiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa sauti. Nikamuuliza kama ana iliyo kimya zaidi. Akanijibu kwa uhakika: “Dada yangu, feni kama haivumi utajuaje ina nguvu?” Nimesikia maneno hayo kwa wengi, hata kwa watu wazima nyumbani. Si kweli, na nadhani imani hiyo ndiyo inayofanya nyumba nyingi mjini zilale na makelele bila sababu.

Kelele kubwa ya feni inatokana na mwendo wa ncha za mapanga yake kukata hewa. Ukipunguza mzunguko kwa nusu, upepo nao unapungua kwa nusu, lakini kelele ya hewa inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu husikia kila desibeli 10 zikipungua kama kelele imekatwa nusu. Kwa hiyo anayetaka upepo mwingi na ukimya anatafuta panga kubwa linalozunguka taratibu. Anayepika pilau la shughuli hachukui kijiko cha chai akakoroga kwa kasi. Anachukua mwiko mkubwa, na mzunguko mmoja unageuza sufuria. Feni ya inchi 16 inazunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Pangaboi ya inchi 56 inazunguka kama mara 300 hivi ikiwa namba ya juu kabisa, ila duara lake ni kubwa mara kumi na mbili. Upepo wake kwa kawaida ni mita za ujazo 200 na kitu kwa dakika, ilhali ile ya kusimama mara nyingi inaishia 50 hadi 70.

Namba hiyo ya mita za ujazo kwa dakika ndiyo ya kuitafuta kwenye boksi. Maboksi mengine yanaandika kwa futi za ujazo, nayo unaigawa kwa 35 kupata mita. Wauzaji wengi wanakutajia wati, wakimaanisha nguvu. Wati ni umeme unaoliwa, si upepo unaotoka. Nimeona feni ya wati 75 yenye upepo mdogo kuliko ya wati 35.

Hilo likanifikisha kwenye pangaboi zenye mota isiyo na brashi, zile zinazoandikwa BLDC na kuja na rimoti. Zinakula wati 28 hadi 35 kwa upepo uleule. Lakini kilichonivutia ni sauti. Mota ya kawaida ina mngurumo wake mdogo unaotokana na umeme wenyewe, na ukiipunguza mwendo kwa ile swichi ya kuzungusha ya ukutani, mngurumo huo mara nyingi huzidi, hasa swichi ikiwa ya bei rahisi. Kwa mtu wa kulala namba moja au mbili kama mimi, huo mngurumo ndio adui. BLDC inajipunguza mwendo kwa bodi yake ya kielektroniki iliyomo ndani, na namba za chini inakuwa kimya kabisa. Faida nyingine inajulikana na kila anayeishi mitaa yetu: jioni umeme ukiwa mdogo, feni ya kawaida inalegea mpaka unahesabu mapanga, wakati hii inashikilia mwendo wake.

Ina upande wake wa pili, na fundi wetu wa umeme, mzee aliyefunga waya za nusu ya mtaa, aliniambia bila kuficha. “Mwanangu, pangaboi ya kawaida ikifa nakubadilishia kapasita, imepona. Hii ikipigwa na umeme, bodi yake utaitafuta.” Nilimwamini, na nikanunua hiyo hiyo, kwa masharti mawili niliyompa muuzaji: risiti yenye dhamana iliyogongwa muhuri, na feni ya aina ambayo bodi yake ya akiba ipo dukani kwake. Akanitolea bodi nikaiona. Fundi naye akanifungia kifaa cha kuzima umeme ukizidi au ukipungua, kama kile cha friji.

Nikwambie nilivyoipima dukani, kwa sababu Kariakoo si mahali pa kusikiliza ukimya. Niliomba feni ya maonyesho iwashwe namba ya chini kwanza, kwani ndiyo nitakayolala nayo. Namba ya juu kila feni inavuma na huwezi kulinganisha. Nikasimama chini yake mahali kichwa kingekuwa, si mlangoni. Kisha nikaomba ikatwe umeme ghafla huku mapanga yakiendelea kuzunguka. Sauti ikifa palepale umeme unapokatika, ulikuwa mngurumo wa mota au bodi. Ikiendelea na kufifia pamoja na mwendo, ni hewa au beringi. Mkwaruzo au mgongano unaokuja kwa mpigo mmoja kila mzunguko ni dalili ya panga lililopinda au beringi mbovu, na hiyo usiichukue hata kwa punguzo. Ikiwa imesimama, izungushe kwa mkono: inatakiwa iendelee kwa ulaini na kusimama polepole bila kushtuka.

Ufungaji ulikuwa na mambo yake. Chumba chetu ni futi 12 kwa 12, kwa hiyo inchi 56 inaenea vizuri na kila ncha ya panga inabaki mbali na ukuta. Ikikaribia sana, hewa inagonga ukuta na kuleta kelele. Mapanga yanatakiwa kuwa angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na yaache kama sentimita 25 chini ya dari, vinginevyo feni inakosa hewa ya kuvuta. Fundi hakugusa jipsamu kama mahali pa kuning’iniza. Alitoboa tundu, akapanda juu, akafunga ndoano kwenye mbao ya kenchi, akaongeza na waya wa chuma wa usalama. Akapima kwa futikamba umbali wa ncha ya kila panga kutoka darini, na lililoshuka akalirekebisha kwenye skrubu zake. Feni inayoyumba hupiga kelele, na kelele hiyo watu wanamlaumu aliyeitengeneza wakati ni ya aliyeifunga.

Chandarua ndicho kilichotusumbua zaidi. Chetu kilikuwa cha duara, kinaning’inia darini juu ya kitanda, mahali hasa pa feni. Kuacha chandarua Dar ni kukaribisha malaria, na siwezi kuwafundisha mama wajawazito kliniki halafu nyumbani nilale wazi. Tukanunua cha pembe nne kinachoshikwa na nguzo za kitanda, chini kabisa ya mapanga. Nyavu hupunguza upepo, lazima ulijue hilo unapochagua. Feni inayokutosha dukani itakuwa nusu yake ukiwa ndani ya chandarua. Ndiyo maana sikuchukua ya inchi 48, ingawa kwa ukubwa wa chumba ingetosha.

Na kwa kuwa nalala mchana, kulikuwa na jambo moja zaidi. Joto la bati hukusanyika chini ya dari, na pangaboi hulishusha hadi kitandani. Kwa hiyo ile feni yetu ya zamani ya kusimama niliiweka kwenye dirisha la upande wa magharibi, uso ukitazama nje, niitumie kutoa hewa ya moto kwa muda kabla sijalala. Dirisha la upande wa pili linabaki wazi ili hewa ya nje iingie. Nikishaingia kitandani naizima hiyo, na pangaboi inabaki namba mbili.

Utunzaji ni mdogo. Vumbi la mtaa wetu hujenga ukingo mweusi kwenye mapanga, na ukingo huo hupunguza upepo na kuleta mtikisiko, kwa hiyo mume wangu huyafuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni swichi ikiwa imezimwa, huku akishikilia kila panga kwa chini ili lisipinde. Nati anazikaza hapohapo.

Sasa ninatafuta ya chumba cha watoto, na pale pangaboi haiwezekani. Wanalala kitanda cha ghorofa, na aliye juu akinyoosha mkono anafikia yalipo mapanga. Nitachukua ya ukutani ya inchi 18, yenye nyavu za mbele zisizopitisha kidole, nifunge mkabala na kitanda ili ikigeuka ifike juu na chini, na nitaisikiliza ikiwa namba moja kabla sijatoa pesa.