Wiki 12 kabla ya pepa la kwanza: ninavyowaandaa kidato cha nne

Hapa Tanzania mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na mwezi Agosti kwa kawaida tunakuwa na matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, mkononi. Katikati hapo zipo kama wiki 12. Nafundisha Hisabati na Baiolojia shule ya kata, darasa lina wanafunzi zaidi ya 60, na wiki hizo 12 ndizo ninazozipangia kwa kalamu, siku kwa siku. Hofu ya wanafunzi wangu, kwa sehemu kubwa, inatokana na kutojua maksi zao zinavujia wapi. Mtoto anaona tu 38 juu ya karatasi, na hiyo 38 anaichukua kama hukumu juu ya akili yake. Ndiyo maana sianzi na hotuba ya kuwatia moyo. Naanza na karatasi zao za moko.

Kila mmoja anarudishiwa pepa lake na kalamu nyekundu. Kila mahali alipopoteza maksi anaandika herufi moja pembeni: S kama hakujua kabisa, M kama hakuelewa maana ya swali, H kama ni haraka. Natenga vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, na hazizidi. Mwanzoni karibu wote wanajaza S ukurasa mzima. Napita dawati kwa dawati, namwambia mmoja, "Hebu nieleze hili kwa Kiswahili." Akilieleza sawasawa, ile S inafutwa na kuwa M, mbele ya macho yake. Hawa ni watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari wakakuta kila kitu ni Kiingereza. M zao ni nyingi kuliko wanavyodhani, na M inatibika kwa wiki chache.

Tiba yake ni kuwafundisha maneno ya kuamrisha yaliyomo ndani ya maswali. Swali likisema "State", taja, sentensi moja kwa kila hoja inatosha. Kuna anayejaza nusu ukurasa hapo na kukosa muda mbele. Likisema "Explain", kutaja peke yake hakutoshi, lazima aonyeshe kwa nini au kwa namna gani. Likisema "Distinguish", wengi huandika fasili mbili, moja juu na nyingine chini, bila kuzigusanisha. Nawataka waandike sentensi moja yenye vitu vyote viwili na neno la kutofautisha katikati. Maneno kama haya hayafiki 15. Nayabandika ukutani, na kila asubuhi mmoja anatunga swali kwa neno mojawapo, mwenzake anasema linadai nini.

H ni ugonjwa wa Hisabati zaidi. Chukua swali hili: tafuta jumla ya namba 20 za kwanza za mfuatano 3, 7, 11 na kuendelea. Namba ya kwanza ni 3, tofauti ni 4. Jumla ni nusu ya 20 kuzidisha na (3 mara mbili kujumlisha 19 mara 4): yaani 10 × (6 + 76) = 820. Mwenye haraka anaweka 20 pale panapotakiwa 19, anapata 10 × (6 + 80) = 860. Sasa tazama karatasi mbili. Mmoja ameandika kanuni, akaandika namba alizoweka, akafika 860. Msahihishaji anaiona njia na ana kitu cha kumpa. Mwingine kaandika 860 peke yake. Huyo hana kitu. Maelekezo ya pepa la Hisabati yenyewe yanataka kazi yote ionekane, lakini mwanafunzi anafanyia pembeni kwa penseli kisha anafuta! Nawakataza kifutio kwenye mahesabu. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, endelea chini.

Baada ya herufi tunakaa na pointi, maana wengi wanafika kidato cha nne hawajui divisheni, yaani daraja la ufaulu, inahesabiwaje. A ni kuanzia 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya hapo ni F. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na zinajumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Divisheni ya kwanza inaishia pointi 17, ya pili 21, ya tatu 25, ya nne 33. Mtoto mwenye C mbili na D tano ana pointi 26, yuko divisheni ya nne. Somo moja likipanda kutoka 42 hadi 45 anakuwa na 25, anaingia ya tatu. Maksi tatu! Namwambia azitafute hizo tatu kwenye H zake mwenyewe. Nimeona mabega yakishuka pale pale, kwa sababu mzigo uliokuwa mlima umekuwa kitu cha kushikika. Kila mmoja anachagua masomo mawili yaliyo karibu na mpaka, na hayo ndiyo yanapata muda mwingi kwenye ratiba yake. Wakiachiwa wenyewe wanasoma somo wanalolipenda, ambalo tayari lina B.

Ratiba ninayowapa ni ya vipande vya dakika 40 na mapumziko ya 10, visivyozidi vinne kwa jioni. Kurudia kunafuata siku: mada iliyosomwa leo inaguswa tena kesho, kisha siku ya tatu, ya saba na ya ishirini na moja. Kugusa maana yake ni kufunga daftari na kuandika unachokumbuka, ndipo ufungue kuona ulichoacha. Kusoma madesa, yaani nukuu, mara tano na kupaka rangi kila mstari kunampa mtu hisia kwamba anajua, kwa sababu macho yameyazoea. Kwenye chumba cha mtihani hakuna cha kuzoea. Kwa kadi tunatumia manila, ile karatasi ngumu: moja ukiikunja nusu mara tano na kukata mikunjo unapata kadi 32 za kutosha kiganjani. Swali mbele, jibu nyuma. Aliyepatia kadi anaisogeza kundi la siku ya tatu, aliyekosa anairudisha ya kesho. Kosa la kawaida ni kuandika ukurasa mzima kwenye kadi moja. Kadi ibebe jambo moja.

Makundi ya diskasheni nayapenda, kwa masharti. Wawe watano, chaki iwe mkononi mwa yule aliyekosa swali hilo kwenye moko, na mwenye akili ya somo asiguse ubao, aulize tu. Bila hivyo mmoja anafundisha, wanne wanaitikia, na wote wanaondoka wakiamini wameelewa.

Kuanzia wiki ya sita tunafanya pepa kamili kila Jumamosi, na hapa ndipo maandalizi na tiba ya hofu vinapokuwa kitu kimoja. Pepa linaanza saa 2 asubuhi kamili kama la taifa, madawati yameachana, namba badala ya jina kila ukurasa, wino wa bluu au mweusi, penseli kwa michoro tu. Mwili unazoea mazingira kama unavyozoea maji ya baridi. Muda tunaugawa kabla. Baiolojia ya nadharia ni saa 3, maksi 100: sehemu A 16, sehemu B 54, sehemu C 30. Dakika 10 za kusoma pepa lote, 20 za sehemu A, 15 kwa kila swali kati ya sita ya sehemu B, 25 kwa kila moja ya insha mbili za sehemu C, na 10 za mwisho za kupitia. Hisabati ina maswali 14. Yale 10 ya sehemu A nayapa dakika 9 kila moja, manne ya sehemu B dakika 15, zinabaki 30 za kurudi kwenye yaliyogoma. Dakika zikiisha, hama. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Mwanafunzi aliyegoma kuhama swali la maksi 6 anaweza kuzama nalo dakika 25 na kuacha mawili anayoyaweza.

Sasa ile hali ya kichwa kuwa kitupu. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, tumbo linasokota, herufi zinaonekana lakini haziingii. Nawaeleza wazi kwamba mwili umedhani kuna hatari, umejiandaa kukimbia, na hali hiyo inapita. Halafu tunafanya mazoezi: vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, mara 12. Ni dakika mbili. Kutoa pumzi kwa kuichelewesha ndiko kunakotuliza mapigo. Wengine wanavuta kwa nguvu na haraka, wanapata kizunguzungu na vidole kufa ganzi, kisha wanaogopa zaidi. Hao nawaambia wapunguze, pumzi iwe ndogo na polepole. Tunafanya kila siku kabla ya kipindi cha kwanza, kuanzia Agosti, kwa sababu kitu kinachojaribiwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani hakifanyi kazi. Baada ya pumzi, kalamu iende kwenye swali rahisi kuliko yote, hata kama ni la mwisho.

Kabla ya pepa za Jumamosi nawapa dakika 10 waandike kwenye karatasi chochote kinachowatisha. Kisha wanachana wenyewe. Sisomi, sikusanyi, mwalimu akisoma mara moja tu zoezi limekufa. Wanaotaka kuzungumza wanajua pa kunikuta. Mtoto akianza kujitenga, akaacha kula, akasema hataki kuishi, hapo si suala la ratiba tena. Siku hiyo hiyo namwona mwalimu wa ushauri nasaha, mzazi anaitwa, anapelekwa hospitali, na haachwi peke yake. Namba 116, ya bure, ya huduma kwa mtoto, iko kwenye ubao wa matangazo. Na kichwa kikiuma, kwanza tunapima malaria. Nimechoka kusikia mtoto mwenye homa akiambiwa ni woga.

Usingizi nimeupigania kuliko Hisabati. Kuna heshima isiyo na maana inayopewa kukesha: miguu kwenye beseni la maji ya baridi, kahawa chungu, vinywaji vya kuongeza nguvu, hadi saa 9 usiku. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 hadi 10, na ni usingizini ndipo aliyosoma mchana yanapojipanga. Tukiwa kambini, yaani wanafunzi wakilala shuleni kujiandaa, taa zinazimwa saa 4 usiku, wanaamka saa 12 asubuhi. Kwa wanaotoka nyumbani naita kikao cha wazazi mwezi Septemba, naomba mambo matatu tu: mtoto asichote maji wala kupika baada ya saa 12 jioni kwa wiki hizi, apate mwanga wa kusomea, na asilinganishwe na kaka yake aliyefaulu. Ombi la tatu ndilo wazazi hulisahau kwanza. Hata sisi walimu tunakosea: maneno ya "mkifeli mtatuaibisha" asubuhi ya mtihani hayaongezi maksi hata moja, yanapeleka watu chooni.

Wiki ya mwisho hakuna mada mpya. Huu pia ni wakati wa pepa feki kuzunguka kwenye WhatsApp zikiuzwa kama za mwaka huu. Nawaambia mapema, kwa ukali, kwamba anayelipia ametapeliwa, na anayekamatwa na udanganyifu matokeo yake yanafutwa. Ubaya mwingine ni kwamba aliyekariri pepa feki usiku kucha anafungua la kweli anakuta hakuna hata swali moja. Huyo huganda kuliko ambaye hakusoma kitu.

Jioni ya kuamkia pepa kila mmoja anafungasha mfuko unaoonekana: kalamu tatu, penseli, rula, kifutio cha michoro, kikokotoo kisicho cha kuprogramu kwa pepa linalokiruhusu, namba yake ya mtihani imeandikwa. Simu inabaki nyumbani. Matroni ana taulo za kike za kutosha, na wasichana wanaambiwa siku chache kabla ili asiwepo wa kukaa saa 3 akiwaza sketi yake. Asubuhi uji, dakika 90 kabla ya pepa, kiasi cha kawaida. Chakula kizito kinaleta usingizi na kukaa na njaa kunaleta mikono kutetemeka.

Wakitoka chumbani saa 5, hawajadili majibu. Kila mwaka kuna kundi linalosimama chini ya mti likisema "swali la 7 ilikuwa 820", na aliyeandika 860 anaanza kulia wakati ana pepa jingine saa 8 mchana. Nasimama pale pale mlangoni, nawapokea kwa jina, nawaelekeza kwenye maji na chakula, na kadi za somo la mchana nawapa dakika 45 kabla ya kengele.