Kupanda mti kwa kamba na kushuka salama: kumbukumbu ya mradi wangu, Juni mpaka Oktoba

Juni 7

Naanza kuandika leo ili nisisahau kwa nini nimeanza hii kitu. Mwaka jana wiki ya kwanza ya Novemba nilikuwa juu ya mwaloni, mita tano hivi, kwenye msitu wa jimbo karibu na Lansing hapa Michigan. Nimekaa na upinde tangu saa tisa mchana, kulungu hajatokea, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa ya vidole, giza likashika, nikaanza kushuka kwa vile vingazi vya kufunga kwenye shina, mguu ukatafuta pa kukanyaga ukakosa, nikabaki nimekumbatia mti kwa mikono miwili na hakuna kamba hata moja imenishika, maana niliifungua nikiwa kule juu ili nishuke haraka. Haikuzidi dakika moja. Lakini hiyo dakika naijua vizuri sana.

Mjomba wangu kule Manyoni alikuwa mrina asali, alianguka kwenye mbuyu nikiwa darasa la tatu na mguu wake haukurudi tena kuwa mguu. Na yeye hakuanguka akipanda. Alianguka akishuka, amechoka, ndoo ya masega inamvuta upande. Kwa hiyo mradi wangu wa mwaka huu ni huo tu: nipande na kamba, nishuke na kamba, kuanzia mguu unapoacha ardhi mpaka unapoigusa tena. Msimu wa upinde unafunguliwa Oktoba 1, nina miezi mitatu na kitu.

Juni 21

Vifaa vimefika. Mkanda wa kukalia, wenyewe wanauita sado, ni kama kibembeo cha kitambaa kigumu kinachoshika makalio na mapaja, mbele kina kamba fupi inayokuunganisha na mti. Kamba ni tatu. Ya kwanza inazunguka shina na kushika kiuno kushoto na kulia, kama mafundi wa umeme wanavyopanda nguzo, hiyo ni ya wakati wa kupanda. Ya pili ni tetha, inafungwa kwenye mti juu ya kichwa na ndiyo unayoiegemea ukishakaa. Ya tatu ni ndefu, ya kushukia. Karabina, yani pete za chuma zenye mlango za kuunganishia kamba, zote ni za kufunga kwa skrubu na zimeandikwa kN 22, yani zinahimili uzito wa kama tani mbili, zile za kuning'iniza funguo nimeziondoa kabisa kwenye begi zisije zikachanganyika gizani.

Tetha na kamba ya kushukia zote ni za aina isiyovutika, mm 9. Uzuri wake hazikuchezeshi juu chini ukiwa umening'inia, ubaya wake hazina huruma ukianguka na kamba imelegea, yani nusu mita tu ya kulegea na mgongo ndio unaolipa. Kwa hiyo tetha inakaa usawa wa kichwa au juu zaidi, na imenyooka muda wote. Nimeiandika kwa maka peni kwenye begi: IMENYOOKA.

Julai 5

Wiki mbili nzima sijapanda mti, nafunga mafundo tu sebuleni. Mama watoto ameniuliza kama nimehamia jeshi la maji.

Fundo linalobeba huu mradi wote ni la Prusik, limepewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelielezea mwaka 1931. Unachukua kikamba chembamba chenye kitanzi, unakizungusha kwenye kamba kuu mara tatu kikipita ndani ya chenyewe, unakilaza vizuri mizunguko isipandane. Likiwa halina uzito unalisukuma kwa vidole linateleza, ukiliegemea linauma. Zamani nilidhani usalama uko kwenye chuma, kumbe kikamba kidogo tu kinamshika mtu mzima.

Julai 19

Leo limeniachia. Nilikuwa nyuma ya nyumba, miguu iko mita moja tu kutoka chini, hiyo ndiyo sheria niliyojiwekea kwamba kila kitu kipya kinajaribiwa usawa wa kiuno kwanza. Nikaegemea tetha, fundo likateleza taratibu kama linafikiria, alafu likaachia kabisa nikakaa kwenye nyasi. Nimeumia kidogo tu kwenye kiwiko.

Nikakaa palepale kulichunguza. Kikamba nilichotumia kilikuwa mm 8 juu ya kamba ya mm 9, na nilizungusha mara mbili kwa sababu mzunguko wa tatu ulikuwa hautoshi. Kikamba kikikaribia unene wa kamba kuu hakipati pa kuuma. Nimebadili, sasa ni mm 6, mizunguko mitatu, nimening'inia nikarukaruka kwa makusudi mara ishirini na halijasogea. Hili kosa lingenikuta mita sita juu nisingekuwa naandika.

Agosti 9

Kupanda kumeanza kukaa kwenye mikono. Natumia kingazi kimoja tu chenye kibao kidogo juu, badala ya kubeba vinne. Unakifunga usawa wa kiuno, unapanda huku kamba ya kiunoni imezunguka shina, ukifika kwenye kibao unafunga tetha juu ya kichwa, unakaa kwenye sado, unainama unafungua kingazi chini yako, unakivuta juu, unakifunga tena, unasimama. Mara nne au tano hivyo nafika mita sita. Mwanzo nilitumia dakika arobaini na jasho kama mvua, leo dakika kumi na nane.

Penye tawi ndipo watu wanapotaka kudanganya. Kamba haipiti kwenye tawi, lazima uifungue, na mkono unakuambia ni sekunde mbili tu. Hapana. Unafunga ya pili juu ya tawi kwanza, unaiegemea uone imeshika, ndipo unafungua ya chini. Mi nasema kwa sauti kabisa, "juu imeshika, nafungua chini," hata kama hakuna mtu msituni.

Miti pia nimejifunza kuikataa. Huku Michigan misitu imejaa miti ya eshi iliyosimama imekufa, kuna mdudu mdogo wa kijani alitoka Asia akagunduliwa maeneo ya Detroit mwaka 2002 na ameimaliza kwa mamilioni. Mti unaweza kuonekana umenyooka vizuri, unene wake ndio unaoutaka, kumbe ndani umekauka kama biskuti. Nikiona gome linabanduka na juu hamna majani napita. Kupigilia misumari au skrubu kwenye mti wa msitu wa jimbo ni marufuku, na hiyo kwangu ni sawa, kamba haiumizi mti.

Agosti 30

Kushuka. Hii ndiyo sehemu niliyoiogopa.

Kamba ndefu inazunguka shina na kupita kwenye kipete cha chuma, inakuwa tanzi linalojikaza kadiri unavyolibebesha uzito. Kwenye kipete kuna kikamba chembamba kinachofika chini, ukishatua unakivuta na kamba nzima inakufuata. Kikamba hicho hakibebi mtu, nimechagua cha rangi ya chungwa ili nisikishike kwa kukosea. Kwenye mkanda kuna kile chuma chenye umbo la namba nane, kamba inapita humo na mkono wa kulia chini ndio breki. Na chini ya mkono naweka fundo la akiba limeungwa kwenye mkanda wa paja, nikiachia mikono yote linauma lenyewe. Nimeachia makusudi mara kumi, nikiwa chini, kabla ya kuliamini.

Sasa kilichotokea. Kamba yangu ilikuwa mita 7.5, nikasimama kwenye kibao mita 6, nikafunga tanzi usawa wa kichwa, yani kama mita 7.5, nikajiambia zimelingana. Nikasahau kwamba kuzunguka mti na fundo vimekula mita moja na nusu. Nashuka vizuri, polepole, mara chuma kikagota. Ni lile fundo nene nililofunga mwisho wa kamba. Miguu inaning'inia kama nusu mita juu ya ardhi na kamba imekwisha. Bila lile fundo kamba ingechomoka kwenye chuma nikadondoka kinyumenyume.

Kamba mpya ni mita 12. Na fundo la mwisho nalifunga nyumbani, silifungui mpaka miguu iguse ardhi, maana likibaki litakwama kwenye kipete nikivuta kamba.

Septemba 13

Mazoezi ya gizani, na taa ya kichwani. Nimegundua sado ina hatari yake ya kimyakimya, ukikaa muda mrefu umening'inia bila kusogeza miguu damu inabaki huko chini na mtu anaweza kuzimia bado amefungwa vizuri kabisa. Kwa hiyo kila baada ya muda nasimama, nakunja magoti, nabadili upande. Na nina kitanzi cha kukanyagia mfukoni endapo kibao kitaondoka. Mama watoto ana ramani ya mti niliopo na saa ya kurudi, nikichelewa nusu saa anapiga simu.

Oktoba 4

Leo nimewinda. Nimepanda saa tisa na nusu, upinde nimeuvuta juu kwa kikamba nikishajifunga, mishale imefunikwa vichwa. Saa kumi na mbili na nusu kulungu jike alipita na watoto wawili, wakasimama chini yangu kabisa wanakula mbegu za mwaloni, sikuvuta upinde. Nilikaa nawaangalia mpaka mwanga ukaisha.

Kushuka gizani: nikashusha upinde kwanza, nikafunga tanzi, nikaegemea ile kamba kwa uzito wote nikiwa bado kwenye tetha, ikashika, nikafungua tetha. Dakika mbili nipo chini. Nimefungua fundo la mwisho, nimevuta kikamba cha chungwa, kamba yote ikaanguka miguuni kwangu.

Nyumbani nimeikagua kwa vidole sentimita kwa sentimita chini ya taa ya jikoni. Kikamba cha Prusik kina sehemu inayong'aa na imekuwa ngumu kidogo, ni joto la kuteleza. Nimekikata vipande ili nisije nikakitumia tena, na cha kubadili nimeshakipima, jioni ya kesho nakifunga na kukijaribu nyuma ya nyumba, mita moja kutoka chini.